Mwaka Niliokuwa Katiba ya Marehemu

Habari ya kifo cha Ammi Nassor niliipata kwa simu ya Madam, bibi niliyemfanyia kazi Riyadh, nikiwa na unga mikononi. Madam hajui kutangaza msiba. Alianza kwa kuniuliza kama mvua imenyesha Mombasa, akasema mashine yake ya kuosha vyombo imeharibika tena, kisha akasema, kwa Kiarabu chake cha mbio, kwamba yule mzee Mswahili wa Jidda amefariki, ameshazikwa, na Baba, mumewe, amejifungia na makadi yake hataki kula. "Kama amefiwa na mtu au amefiwa na timu, mimi sijui," akasema. Nikacheka. Halafu nikajikasirikia kwa kucheka, nikakaa kwenye kigoda nikaiacha chapati iungue. Nataka kuandika hasira ikiwa bado ya moto, kwa sababu watu wakisikia nimefanya kazi Saudia hunitazama kwa huruma, wakingoja niwaambie nilipigwa. Sikupigwa. Sikunyimwa chakula, na mshahara ulikuja. Yaliyonipata mimi ni ya kipuuzi, na sijapata mtu wa kunielewa nikimweleza: nilicheleweshwa kurudi kwa mwanangu miezi saba kwa ajili ya wanaume waliokufa zamani, waliokuwa wakicheza besiboli.

Ya kwetu sitayaeleza. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nina cheti cha fomu foo, na nilikuwa nimemwacha binti yangu Zuhura kwa mamangu Kisauni, hajafika hata miaka miwili. Hayo yatosha. Nyumba niliyofanyia kazi ilikuwa Al-Malqa, mjini Riyadh, nyumba ya ghorofa mbili yenye marumaru kila mahali, na kando ya geti kulikuwa na chumba cha wageni wanaume ambacho wageni walikuwa hawaingii. Ndani mlikuwa na meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cha kijani, rafu za masanduku ya viatu, na katika kila sanduku, badala ya viatu, makadi. Baba, yaani kafili wangu, mwajiri aliyenidhamini, alisoma uhandisi Marekani ujanani mwake, akarudi na shahada na ugonjwa huu. Kila kadi ilikuwa ni mchezaji mmoja wa besiboli wa zamani sana, wa enzi za babu yake Baba, na juu yake zimepangwa namba za jinsi alivyokuwa akicheza. Unarusha dadu tatu, unasoma namba, unatazama kwenye kadi, kadi inakuambia yule maiti amepiga mpira au ameukosa. Wanaume kumi na wawili watu wazima, wa Riyadh na Jidda, kila mmoja na timu yake ya marehemu, walikuwa wakicheza ligi nzima namna hiyo, na Baba ndiye aliyekuwa mkuu wa ligi.

Mimi niliingia humo kwa kosa la usafi. Mwaka wa kwanza ulipokwisha Madam alinituma nikapanguse vumbi, akaniambia, "Panga na hayo makaratasi yake, yanatia kichefuchefu." Nikapanga. Nilipanga makadi yote kwa alfabeti, A mpaka Z, kama tulivyofundishwa kupanga vitabu maktaba ya shule, nikawachanganya wachezaji wa timu kumi na mbili katika mstari mmoja mzuri. Siku nzima ilikwenda. Baba alipoingia baada ya alasiri alipiga ukelele hata dereva akaja mbio akidhani kuna moto. Nilisimama pale na kitambaa cha vumbi nikijua safari yangu imeishia hapo. Yeye akaokota kadi, akaitazama, akaokota ya pili. "Nani kakusaidia?" akauliza. Nikamwambia hakuna. "Unasoma majina ya Kiingereza?" Nikamwambia, Baba, mimi nimesoma, kwani ulifikiri nimezaliwa na ufagio? Hilo la ufagio nililisema kwa Kiswahili. Adhabu yangu ikawa kuwarudisha wote kwenye timu zao, na nilipomaliza kwa siku tatu bila kukosea hata mmoja, akanikabidhi kitabu kikubwa na kalamu, akasema tangu leo mimi ndiye mwandishi wa ligi. Mwandishi mwanamke kwa Kiarabu ni katiba. Basi ikawa ni "Ya katiba! Ya katiba!" kila alasiri, na mimi mara za mwanzo nilikuwa nikifikiria ile Katiba ya nchi, tuliyokaririshwa vifungu vyake darasani, nikishangaa Mwarabu huyu ameipatia wapi.

Msifikiri nilipunguziwa kazi. Nilipika, nikaosha, nikapiga pasi, na baada ya swala ya alasiri nikaketi pembeni ya meza ya kijani, mlango wazi na Madam kwenye kochi la mlangoni na simu yake, kwa sababu ilikuwa lazima awepo, na hilo nalo lilimuudhi. Nilipeleka gahwa na tende, kisha nikakaa kuandika. Baba anarusha dadu, anasema namba, mimi natafuta kwenye kadi, naandika. Mchezo wenyewe nilielezwa mara kumi. Mmoja anatupa, mmoja anapiga kwa rungu, wengine wamesimama uwanjani kama watu waliokosa basi. Mpigaji akikosa mara tatu anatoka. Wakitoka watatu, upande wa pili unaingia. Mara tisa. Nilimuuliza Baba, sasa nani anashinda? Akasema anayezunguka na kurudi alikoanzia mara nyingi zaidi. Nikasema moyoni, hiyo si ni kazi ya nyumbani. Madam alikuwa akisikiliza namba zikitajwa, anavuta pumzi. "Watu wengine wanaolewa na mume mwenye wake wanne," akaniambia siku moja, kwa sauti ya kusikika. "Mimi nimeolewa na mwenye maiti mia tatu. Na hakuna hata mmoja anayeosha sahani." Baba hakuinua kichwa. "Mpigaji wa pili yuko nje," akasema. "Na mimi niko nje," Madam akasema, akaondoka na viatu vyake vikipiga sakafu, kisha akakumbuka hawezi kuondoka, akarudi akakaa.

Wamiliki wengine wa timu walituma matokeo yao kwenye kundi la simu. Ammi Nassor alikuwa hasomi ujumbe. Macho yake yalikuwa na ukungu, na simu yake ilikuwa ya vitufe, ile ya wazee. Kwa hiyo kila Jumatano nilimpigia mimi. Mara ya kwanza nilianza kwa Kiarabu changu cha jikoni, "As-salamu alaykum, mimi ni katiba wa ligi," na upande wa pili sauti ya mzee ikaniuliza kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka, "Wee mtoto, hicho Kiarabu umekipasulia wapi hivyo?" Nikaangua kicheko. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Mombasa. "Khaa! Basi mimi nawe ndugu. Usinambie tena 'alaykum' ya kujikaza, sema na mie kama unavyosema na baba'ko." Wazee wake walikuja Jidda mwaka wa sitini na nne, yeye kitoto cha miaka sita kimebebwa begani, na hakurudi tena Unguja isipokuwa mara moja kwa mazishi. Besiboli aliipata ghalani kwenye uwanja wa ndege, alikofanya kazi na Wamarekani waliokuwa wakicheza makadi hayo wakati wa mapumziko. Kiswahili chake kilikuwa cha zamani, hata namna alivyotaja vyakula ilikuwa ni kama mtu anayevinusa.

Alikuwa na timu mbovu kuliko zote. Na katika timu hiyo mbovu alikuwa na mtupaji mmoja wa mkono wa kushoto, ambaye jina lake la Kizungu halitaki kukaa mdomoni, na Ammi alikuwa akimwita Shoto. "Shoto vipi wiki hii?" ndilo swali lake la kwanza, kabla ya salamu kumalizika. Nilimuuliza ana nini huyu Shoto. Akaniambia, "Mwanangu, huyu bwana katika uhai wake alitupa mpira miaka kumi na moja kwenye timu isiyoshinda, na hakuna siku hata moja aliyowahi kuchaguliwa kwenye timu ya Nyota. Na alikuwa hodari, angalia namba zake! Mie mwenyewe ni shoto. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilifungwa mkono huu kwa kitambaa nikafundishwa kuandika kwa wa kulia, na hadi leo mwandiko wangu ni wa kuku." Timu ya Nyota ilikuwa hivi: katikati ya msimu, wachezaji bora wa ligi yote huchaguliwa kwa kura, wanagawanywa pande mbili, kila upande na mtupaji mmoja, wanacheza mechi moja kubwa, na wenye timu wote hukutana ana kwa ana. Kila timu ina haki ya nyota mmoja, na mwenye timu ndiye anayemtaja kwenye kura yake. Ila kura isipofika kwa wakati, mkuu wa ligi humtajia. Miaka iliyopita Shoto alikuwa hafai, dadu zilimkataa. Mwaka huo zilimkubali. Niliandika mwenyewe: alikuwa mtupaji wa pili kwa ubora katika ligi nzima, nyuma ya mtupaji wa Baba.

Mkataba wangu ulikwisha mwezi wa Shaaban. Miaka miwili, halas. Nilimwambia Baba mwezi mmoja kabla, na siku ulipokwisha nikamwambia tena, nikitaka karatasi ya kutoka. Tunaiita karatasi, ingawa siku hizi ni kitu cha simu, kafili anabonyeza tu. "Inshallah, baada ya Ramadhani," akasema, na nikaona ni haki, nani atamwachia mtu wa jikoni Ramadhani. Baada ya Idi nikaenda tena. "Msimu umeanza, ya katiba, ngoja kidogo. Baada ya Nyota." Nyota zenyewe ni lini? "Karibuni." Sikuwahi kumwona akisema hapana. Angesema hapana ningejua pa kushika. Alikuwa akisema ndiyo huku macho yake yapo kwenye kadi, na kesho yake amesahau, na nikimkumbusha anashtuka kwa dhati kabisa, "Ah! Sahihi, sahihi, baada ya Nyota." Madam alimwambia mbele yangu, mara mbili, mwachie msichana wa watu. Akasema nani atashika kitabu? Madam akasema choma kitabu. Mafi mushkila, hakuna shida, akasema yeye, na dadu zikarushwa. Mtu unaweza kupigana na ukatili. Kupigana na mtu aliyekusahau huku anakutazama, hiyo sijui inafanywaje.

Na nyumbani Zuhura alikuwa anakua. Nilikuwa nikipiga simu ya video Ijumaa baada ya chakula cha mchana, nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma. Mamangu anamshika, anamwambia, "Msalimie mama." Na yeye anamgeukia mamangu, anamshika shavu, anamwambia, "Mama ni wewe." "Na huyu je?" "Huyu ni anti wa simu." Wote pale walicheka, majirani na nani, mtoto mjanja huyo, na mimi nikacheka ili wasione. Nilipokata simu niliingia jikoni nikasugua sufuria ambalo lilikuwa safi. Mwezi uliofuata hakutaka hata kuja kwenye simu, alikuwa anacheza. Mamangu akasema, "Rukia, njoo. Si kwa ajili ya pesa, njoo tu. Huyu mtoto anafunga." Nilielewa alichosema. Mtoto hufunga kama mlango. Ukichelewa sana utabisha hodi hadi uchoke. Hayo, na ile "baada ya Nyota" ya Baba, nilimwambia Ammi peke yake, kwenye simu zetu za Jumatano.

Basi fikiria nilivyoingoja hiyo Nyota. Hakuna mtu katika ligi ile, wala Baba mwenyewe, aliyeitaka timu ya Nyota ichaguliwe haraka kuliko mimi, niliyekuwa siijali. Siku ya kupiga kura ilipofika Baba aliandika tangazo kwenye kundi, akaniambia nimpigie mzee wa Jidda: kura zinafungwa kesho, as-saa tis'a. Nikampigia. "Ammi, kura zinafungwa kesho saa tisa, usichelewe tafadhali." "Saa tisa. Haya mwanangu, Inshallah. Jina unalijua ni nani." Nikakata simu nikaenda kukaanga sambusa. Kesho yake, saa tatu asubuhi, Baba akafunga kura. Baada ya swala ya adhuhuri simu ikalia. "Haya bibie, andika," Ammi akasema, anasikika amekaa vizuri, ameshakunywa chai yake. "Nyota wangu ni Shoto." Nikamwambia, Ammi, kura zimefungwa tangu asubuhi. "Zimefungwaje na sasa ni saa saba? Si umenambia saa tisa?" Na hapo ndipo nilipoelewa. Tisa ya Kiarabu na tisa ya Kiswahili ni neno moja. Kwao saa tisa ni asubuhi, tunayoiita sisi saa tatu. Kwetu saa tisa ni alasiri. Nilikuwa nimeishi na saa ya Baba na Madam miaka miwili na zaidi, hata kichwa changu kimejaa saa yao, na mdomo ukaitoa kwa Kiswahili bila kuigeuza. Mtu wa taifa lolote lingine angesikia sawasawa. Kosa lile lilihitaji Mswahili wa kusema na Mswahili wa kusikia.

Nilikwenda kwa Baba. Nataka kusema nilimwambia ukweli, lakini sikumwambia. Nilisema mzee amechelewa kidogo, tumkubalie. Akasema kanuni ni kanuni, akamtajia Ammi nyota mwingine, mdakaji mmoja mnene asiye na maana, na nafasi ya mtupaji ikabaki kwa mtu wa Baba. Kwenye kundi wakacheka: mzee kasahau, mzee kalala. Yule daktari wa meno wa Jidda, aliyejiona ndiye mjuzi wao, akaweka picha ya kobe. Nami niliyasoma yote hayo nikanyamaza, kwa sababu nilijiambia nikimkorofisha Baba sasa hivi karatasi yangu itaruka tena. Jumatano nilimpigia Ammi kama kawaida. Yeye akasema tu, "Haidhuru, mwanangu. Tutaonana Jidda." Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Mwaka huo mechi ya Nyota ilikuwa nyumbani kwa Ammi Nassor. Tulitoka Riyadh kwa gari, Baba, Madam na mimi nyuma na masanduku ya makadi, kitabu cha ligi magotini. Nyumba ya Ammi ilikuwa ya ghorofa katika mtaa wa zamani, vyumba vidogo, mazulia juu ya mazulia, na joto la Jidda lenye maji ndani yake. Mkewe, Bi Zuwena, alinipokea mlangoni kama binti aliyetoka masomoni, akanivuta jikoni kabla sijavua abaya vizuri. Alikuwa amepika boko boko, ile ya ngano na nyama, amemimina mikate, amechemsha pweza. Nilipotia boko boko kinywani nilitoa machozi na yeye akajidai hakuona. "Huko Riyadh wanakulisha jarishi," akasema. "Jarishi ni boko boko iliyokosa mapenzi." Madam alikuwa ameketi na sisi jikoni, anakula pweza kwa mara ya kwanza maishani mwake, anauliza hiki ni nini, na Bi Zuwena anamwambia ni samaki, mama, kula. Kati ya jikoni na ukumbi wa wanaume kulikuwa na kidirisha cha kupitishia masinia, na pazia juu yake. Nilisimama pale na sinia la tende nikasikia jina langu. Yaani, nikasikia katiba.

"Usimwachie katikati ya msimu," daktari wa meno alikuwa akisema. "Nani mwingine atafanya? Hajakosea mwaka mzima." "Na mimi nafikiri hivyo," Baba akajibu, mdomo una tende. "Nitamwongezea mwaka mmoja. Analipwa vizuri, anapenda mchezo." Anapenda mchezo! Nililiweka sinia chini. Madam alikuwa amesikia pia. Aliacha kutafuna pweza. "Wallahi sikujua," akaniambia polepole. Mwaka mmoja. Nilifanya hesabu mara moja, Zuhura atakuwa na miaka mitano, atakuwa anaenda skuli, anashikwa mkono na mamangu, na mimi nitakuwa bado nimekaa hapa naandika fulani amepiga, fulani amekosa, na wote wamekufa, wote, hakuna hata mmoja anayejua kama mechi ipo.

Niliitwa ndani na kitabu, Madam akanifuata akasimama mlangoni. Wanaume wamekaa chini duara, makadi yametandazwa katikati. Baba akasema tuanze. Ammi Nassor akainua mkono, ule wa kushoto, akasema kwa Kiarabu chake kizuri kuliko chao wote, "Mimi ninaweka pingamizi." Kanuni ile niliijua kwa sababu niliinakili mwenyewe kwa mwandiko safi, na Baba ndiye aliyeitunga mwaka aliohisi ameonewa: mwenye timu akiweka pingamizi, mechi ya Nyota haichezwi mpaka aliondoe mwenyewe. Daktari wa meno akaguna. "Ammi, umechelewa, umelala, kubali." Mzee hakunitazama. Nadhani angekaa hivyo hivyo mpaka magharibi bila kunitaja. Nikasema mimi. Nilisema nimesimama, kwa Kiarabu cha kuokoteza, kwamba kosa ni langu, kwamba nilisema tisa, na tisa yetu ni alasiri. Ilibidi nieleze mara mbili. Wakaanza kucheka, mmoja baada ya mwingine, hata machozi. Baba hakucheka. "Miaka miwili hapa," akasema, "na hujui asubuhi na alasiri?" Nikamjibu, "Miaka miwili na miezi saba, Baba."

Daktari wa meno akasema basi jambo ni rahisi, kosa ni la mwandishi wa mkuu wa ligi, nafasi ya mtupaji ni moja, Shoto aingizwe na mtupaji wa Baba atoke. Wenzake wakakubali kwa vichwa. Uso wa Baba ukaiva. Ungedhani anatolewa jino. Mtupaji wake yule alikuwa amemlea misimu mitatu. Na Ammi Nassor, aliyekwisha shinda, alikaa akipapasa kadi ya Shoto kwa kidole gumba, akasema, "La. Muache mtu wako. Shoto atabaki nje, na pingamizi naliondoa. Lakini mpe msichana karatasi yake ya kutoka. Sasa hivi, hapa, nione." Baba akashangaa kweli. "Hili linahusiana nini na hilo?" "Mie sikuyachanganya," mzee akasema. "Wewe ndiye unayemwambia baada ya Nyota, baada ya Nyota. Mimi nasema kabla." Madam akasema kutoka mlangoni, bila kumtazama yeyote, "Bonyeza."

Baba akatoa simu. Akatia neno lake la siri, akakosea, akatia tena. Akabonyeza, akashuka na kidole, akabonyeza, akaweka tende mdomoni, akabonyeza mara ya mwisho. Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Hilo ndilo lililonikasirisha na linanikasirisha mpaka leo kuliko yote: ilichukua muda mfupi kuliko kuandika mchezaji mmoja. Miezi saba nililala nikiamka nikihesabu, mtoto wangu akinisahau kidogo kidogo, na jambo lenyewe lilikuwa la kokwa moja ya tende. Na hata hivyo sikupewa kwa sababu ni haki yangu. Nilibadilishwa. Nilibadilishwa na maiti wa mkono wa kushoto, mbele ya wanaume kumi na wawili, na ilinibidi nishukuru.

Nilimfuata Ammi kwenye ujia alipotoka kutawadha. Nilikuwa na hasira hata naye. Nikamwambia, Ammi, miaka yote hii ulikuwa ukimngoja achaguliwe, na nafasi ilikuwa mkononi mwako, kwa nini? Angesema neno kubwa ningelia. Alikuwa anajifuta ndevu kwa taulo. "Shoto hajui kama kaachwa, mwanangu," akasema. "Mwanao anajua." Akanipa taulo nimtundikie, akaingia kuswali.

Baada ya swala wakaniita na kitabu, mechi ikaanza. Niliandika yote, kwa mwandiko wangu mzuri, nikikandamiza kalamu hata ukurasa ukatoboka mahali pawili. Mtupaji wa Baba alipigwa tangu mzunguko wa kwanza, mpira baada ya mpira, na Baba akawa anasoma namba za dadu kwa sauti inayozidi kuwa ndogo, akiniuliza, "Una hakika?" Nikamwonyesha kadi. Nilikuwa na hakika. Nikaandika.